Bwana Malengo na Kola Zilizopinda

Bwana Malengo hakuwahi kuanza jambo bila kulitangazia lengo. Akiletewa chai, alikiinua kikombe hadi usawa wa kidevu na kusema, "Mwisho wa kikombe hiki, mnywaji aweze kuchangamka," ndipo akapiga funda la kwanza. Siku ya harusi ya binti yake alisimama kutoa nasaha, akakohoa, akaanza: "Mwisho wa ndoa hii, wahusika waweze..." Hakufika mbali. Mkewe alimvuta koti mpaka akakaa, na shemeji zake wakakisimulia kisa hicho kwa miaka mingi, kila mmoja akikitia chumvi yake.

Jina alipachikwa na washonaji kwa kumcheka, naye akalipokea kama nishani. Kilikuwa kiwanda cha mashati ya sare za shule: ukumbi mmoja mrefu wa bati, laini nane za cherehani, vumbi la nyuzi likielea kwenye mwanga wa madirisha ya juu, na mngurumo uliowafanya watu wapaze sauti hata wakiwa nyumbani kwao. Juu ya stoo, mwisho wa ngazi ya chuma, kulikuwa na Chumba cha Mafunzo. Mngurumo ulifika huko kwa mbali, kama mvua ya mtaa wa pili. Hapo ndipo Bwana Malengo alipotawala kwa miaka kumi na saba, Mkuu wa Mafunzo mwenye jeshi la mtu mmoja.

Jeshi hilo lilikuwa msaidizi wake, mwanamke wa miaka thelathini na tano aliyesomea ualimu chuoni. Alipoajiriwa alikuja na daftari lililojaa mawazo. Baada ya miaka sita kazi yake ilikuwa kutoa nakala, kupanga viti kwa umbo la kwato ya farasi, na kushika ncha ya pili ya bango wakati mkuu wake akilieleza. Daftari lilikuwa kwenye droo, chini ya kopo la chaki ambazo hazikutumika tangu ubao mweupe uletwe.

Mkuu wake hakuwa mwalimu. Alianza kama karani wa stoo mwenye mwandiko mzuri. Mwaka mmoja kiwanda kiliombwa kumpeleka mtu kwenye semina ya wiki mbili ya utayarishaji wa kozi, aliyestahili kwenda akaumwa jino, karani akapandishwa basi badala yake. Alirudi na mkoba wenye nembo, faili la plastiki na neno "mahususi", na vitu hivyo vitatu havikumwacha tena. Kutoka kwenye faili hilo alizaa kijitabu cha kurasa mia moja na kumi na mbili. Sura ya Kwanza ilikuwa Historia ya Mavazi, ikianzia kwenye majani. Sura ya Pili ilieleza maana ya mafunzo, na Sura ya Tatu tofauti iliyopo kati ya mafunzo na maana yake. Cherehani ilijitokeza kwa mara ya kwanza katika Sura ya Tano, ukurasa wa thelathini na nane, na chini ya mchoro wake paliandikwa kwa herufi nzito: *Sindano ndiyo moyo wa mashine. Mshonaji bora haondoi macho kwenye sindano.*

Mbele ya darasa palikuwa na cherehani moja, iliyoitwa Mashine ya Maonyesho. Bwana Malengo aliionyesha kwa fimbo. Haikuwa na sindano. Aliiondoa mwenyewe siku ilipoletwa, kwa ajili ya usalama wa wanafunzi.

Mwaka huo waliajiriwa wanafunzi kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa wifi yake Msaidizi, dada wa mumewe. Wifi huyo alikuja kwao kwa wiki mbili baada ya ndoa yake kuvunjika, akiwa na watoto wawili na gunia la masufuria, na sasa alikuwa na mwezi wa nane kwenye kochi la sebuleni. Kochi lilikwisha kushika umbo lake. Watoto walilala kwenye godoro lililokunjwa nyuma ya mlango, na mlango huo ukifunguliwa kwa haraka asubuhi ulimgonga mtu kichwani. Alikwisha kupata kazi mgahawani, ikaota mbawa. Akapata dukani, nayo ikaota mbawa. Hii ilikuwa ya tatu, na ndugu zake walishaanza kusema, hata mbele yake, kwamba mkosi haupo kazini.

"Wifi, ukinifundisha vizuri nitakuondokea," alisema Jumapili ile kabla ya kozi, wote wawili wakiwa wameinamia beseni la nguo. "Ukinifundisha vibaya utanizika kwenye kochi lako."

"Sifundishi mimi. Mimi nashika bango."

"Basi lishike lisianguke. Na usinipendelee."

"Nikupendelee kwa lipi? Sukari yangu umeimaliza juzi."

Wifi alicheka, kisha akakamua shati la mwanawe muda mrefu kuliko lilivyohitaji. "Wakinirudisha na hapa," alisema, "wanangu watadhani mama ni kitu cha kurudishwa."

Kozi ilikwenda wiki tano. Kwa wiki nne wanafunzi walikaa kwenye ile kwato ya farasi wakinakili. Wifi alirudi nyumbani akiwa anajua sehemu thelathini na moja za cherehani, akazifundisha watoto wake kwa wimbo, na watoto wakawaimbia majirani. Mtihani ulipofanywa alipata tisini na moja. Wa kwanza alikuwa mwanamke mmoja mwembamba mwenye sauti ndogo, aliyepata tisini na nane na kutoka hapo akaitwa Tisini na Nane. Bwana Malengo alimpa cheti kilichotiwa kwenye fremu ya kioo, akasema kwamba katika miaka kumi na saba hajawahi kuona mwanafunzi aliyeyatimiza malengo namna hiyo. Wa mwisho alikuwa mwanamume mnene aliyelala usingizi Sura ya Tano yote, mdomo wazi. Huyo, Msinziaji, alipata arobaini na moja.

Wiki ya tano waliteremshwa ngazi ya chuma, wakagawiwa cherehani za kweli, wakaambiwa waunge kola kwenye mashati.

Kola zilipinda. Zilipinda kama barabara ya mlimani. Nyingine zilikaa shingoni kama zimeitwa na mtu wa upande mmoja. Msimamizi wa laini alizirudisha kwa mafungu. Wanafunzi walizifumua, wakazishona upya, zikapinda upya. Tisini na Nane aliinama juu ya mashine mpaka pua ikakaribia kushonwa, macho hayapepesi, na kola zake zilikuwa mbaya kuliko za wote. Wa pili kwa ubaya alikuwa wifi. Mtu mmoja tu kati ya kumi na wawili alishona mshono ulionyooka kama rula, tena huku akipiga miayo, naye alikuwa Msinziaji.

Meneja aliita kikao cha dakika nne. Alisema baada ya siku kumi kutakuwa na jaribio: kola thelathini kwa saa, zisizozidi mbili za kurudishwa. Asiyefika, kiwanda kitaachana naye.

"Tatizo nimeliona," alisema Bwana Malengo walipopanda juu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Wanafunzi hawana mtazamo. Tutarudia Sura ya Tano."

Walirudia Sura ya Tano. Zaidi ya hapo, alichora jicho kubwa lenye kope, likitazama sindano, akamwagiza Msaidizi atoe nakala kumi na mbili na kubandika moja juu ya kila cherehani ya mwanafunzi. Msaidizi alizibandika. Siku iliyofuata kola zilipinda zaidi.

Ndipo Msaidizi aliponyanyua kiti kimoja cha kwato ya farasi, akateremka nacho, akakiweka kando ya Bibi Kola.

Bibi Kola aliunga kola laini ya pili kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na mwili mpana, miguu iliyovimba vifundoni na redio ndogo aliyoiweka sikioni, ingawa katika ngurumo ile hakuna aliyeamini kwamba aliisikia.

"Bibi, unaposhona unatazama wapi?"

"Mimi? Sitazami popote. Nashona."

"Lazima unatazama mahali."

"Mwanangu, nikianza kujitazama ninavyotazama, nani ataunga hizi kola?"

Msaidizi akayatazama macho ya bibi huyo tu. Ilimchukua asubuhi nzima kuona jambo dogo. Macho ya Bibi Kola hayakwenda kwenye sindano hata mara moja. Yalikaa pembeni, pale ukingo wa kitambaa unapopita kando ya kile kimguu kinachokandamiza, na yalifuata ukingo huo kwa upole, kama mtu anayesindikiza mgeni. Sindano ilifanya mambo yake bila kusimamiwa.

"Bibi, hebu shona moja ukiitazama sindano."

"Ya nini?"

"Nifanyie tu hisani."

Bibi Kola aliitazama sindano. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, mshono wake ulikwenda kushoto, ukarudi kulia, ukapotea. Aliisimamisha mashine, akaigeuza kola huku na huku kwa mashaka makubwa.

"Umeniharibia mkono," alisema. "Ondoka na kiti chako."

Msaidizi alipanda ngazi ya chuma kwa haraka iliyomshangaza mwenyewe. Sentensi moja. Wanafunzi hawakuwa wazembe, walikuwa watiifu, na kila aliyekishika vizuri kijitabu alishona vibaya kwa kipimo kilekile. Msinziaji aliokolewa na usingizi.

"Mzee, tuifute sentensi moja tu," alimwambia mkuu wake. "Ukurasa wa thelathini na nane."

Bwana Malengo alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, mikono imekunjwa juu ya meza. "Umefanya tathmini ya mahitaji?"

"Nimekaa na Bibi Kola."

"Bibi Kola hana cheti."

"Hana. Ana kola."

"Mwanangu, kuna fomu ya mapendekezo ya marekebisho. Inajazwa, inapita kwenye kamati, inafanyiwa majaribio. Miezi minne, mitano. Hizi nakala zilipigwa chapa mia tano."

"Jaribio la hawa ni Alhamisi ya wiki ijayo."

"Basi hawa watakuwa kundi la kulinganishia," alisema, akavuta fomu kutoka kwenye faili la plastiki na kumsogezea.

Msaidizi aliichukua fomu. Kisha, katika chumba cha nyuma, alifanya jambo ambalo miaka sita hakulifanya: alichukua vijitabu thelathini kutoka kwenye rundo bila kusaini popote. Nyuma ya kila kijitabu kulikuwa na kurasa nne zenye mistari zilizoitwa Maoni ya Mwanafunzi, na tangu kiwanda kijengwe hakuna mwanafunzi aliyewahi kuandika humo neno. Alizikata zote kwa wembe. Saa ya chakula cha mchana, mashine zikiwa zimetulia, aliwakusanya wanafunzi kwenye laini ya nane, akawatolea uzi kwenye sindano, akabandua lile jicho lenye kope. Kando ya kila kimguu alibandika kipande cha plasta ya kidonda.

"Macho hapa," alisema, akigusa plasta. "Shoneni karatasi, bila uzi, mfuate mstari. Sindano muiache, ina akili zake."

"Wifi, hii si ndiyo siku zote tuliambiwa tusiifanye?" aliuliza wifi.

"Ndiyo."

"Na uliyeshika bango ni wewe?"

"Shona, wifi."

Siku ya kwanza matundu yalitangatanga ukurasa mzima. Siku ya pili yalianza kuzoea mstari. Siku ya tatu wifi alishona kurasa nne bila kutoka nje, akazinyanyua zote pamoja kwenye mwanga wa dirisha, na vitundu vikapitisha jua kwa safu zilizonyooka. Alizikunja, akazitia kwenye sidiria, akaomba nyingine.

Siku ya nne Bwana Malengo aliteremka kutafuta stepla yake. Alisimama nyuma ya laini ya nane, akaokota ukurasa chini, akausoma juu hadi chini, kana kwamba matundu yale ni maandishi.

"Huu ni waraka wa kiwanda," alisema.

"Si mliomba maoni, mzee?" alisema wifi bila kugeuka. "Ndiyo hayo."

Msinziaji alicheka mpaka akakohoa. Bwana Malengo hakukasirika mbele ya watu. Hasira haikuwamo kwenye mpango wake wa somo. Alasiri alibandika tangazo mlangoni kwamba mwanafunzi atakayefanya mazoezi yasiyomo katika kozi atanyang'anywa cheti chake. Wanafunzi kumi walilisoma, wakaenda laini ya nane. Wawili walibaki juu wakirudia Sura ya Tano, na mmoja wao alikuwa Tisini na Nane.

Msaidizi alimfuata chooni, akamkuta ananawa mikono.

"Njoo leo. Saa moja tu. Hicho cheti hakitakuungia kola."

"Mzee amesema macho kwenye sindano," Tisini na Nane alijibu kwa ile sauti yake ndogo. "Ukurasa wa thelathini na nane."

"Naujua huo ukurasa."

"Si wewe uliyetugawia?"

Hakusema kwa ubishi. Aliuliza kweli, maji yakimchuruzika viwikoni, akisubiri kuelezwa. Msaidizi alifungua mdomo, akakuta maelezo yote aliyonayo yanaanza na miaka sita ya kunyamaza. Akampa taulo la karatasi. Mwenzake aliikausha mikono, kidole kwa kidole, akapanda ngazi.

Alhamisi meneja alikuja na saa ya mkononi, msimamizi na kikapu. Wifi alishona huku midomo ikicheza, na Msaidizi, aliyesimama mbali karibu na pasi, alijua kwamba haimbi zile sehemu thelathini na moja. Alikuwa akiwataja wanawe. Saa ilipokwisha alikuwa na kola thelathini na moja, mbili zimerudishwa. Msimamizi aliipima ile ya pili mara tatu kabla ya kuirudisha, na ya tatu iliyotiliwa shaka aliitazama, akamtazama mwenye kuishona, akaitupa upande wa nzima. Wale kumi walipita wote; wawili waliobaki juu hawakufika. Tisini na Nane aliunga kumi na tisa, na kumi na moja zikarudishwa. Aliondoka siku hiyohiyo, unga umemwagika, cheti chake kimefungwa kwenye gazeti ili kioo kisivunjike.

Bwana Malengo aliandika ripoti. Ilisema kwamba ufaulu ulifikia asilimia themanini na tatu kutokana na marudio ya Sura ya Tano na matumizi ya michoro ya kuhamasisha. Meneja aliisoma, akampongeza kwa barua. Mwaka uliofuata likatoka Toleo la Pili lenye Sura ya Kumi na Tatu, Zoezi la Karatasi, iliyoanza na historia ya karatasi na kufika kwenye zoezi lenyewe baada ya kurasa sita. Sindano iliendelea kuwa moyo wa mashine, ila chini, kwa herufi ndogo, iliongezwa kwamba *mshonaji anaweza pia kutazama kwingine inapobidi*. Kwenye ukurasa wa shukrani Msaidizi alitajwa pamoja na wote waliosaidia kwa namna moja au nyingine.

Wifi alipanga chumba mitaa miwili kutoka pale. Alihama Jumamosi, akabeba masufuria yake na mawili ambayo hayakuwa yake.

"Hayo si yangu?" Msaidizi aliuliza.

"Yalikuwa. Miezi kumi kochini, wifi, hata masufuria yanazoeana."

Bwana Malengo alistaafu miaka mitatu baadaye kwa hotuba yenye malengo manne. Msaidizi alirithi meza yake. Alitia sindano kwenye Mashine ya Maonyesho, akaiteremsha chini, na mashine zote kumi na mbili za laini ya nane akazifanya darasa. Kozi nzima sasa iliandikwa kwenye karatasi moja, upande mmoja. Bibi Kola alipewa kiti pembeni na kazi ya kusema "hapana" na "ndiyo", naye alilalamika kwamba ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya.

Asubuhi moja mzee alirudi kufuatilia barua ya kiinua mgongo chake. Alikuwa amepungua, shingo ikielea ndani ya kola ya shati. Msaidizi alimkuta amesimama kwenye mlango wa ukumbi akiwatazama wanafunzi wapya. Ilikuwa siku yao ya kwanza, hawajamaliza saa mbili, na tayari kila mmoja alikuwa kwenye mashine, akitoboa karatasi, akikosea, akiitwa na Bibi Kola, akikosea tena.

Msaidizi alisimama kando yake. Mzee alimuuliza yule mwanafunzi wake bora yuko wapi siku hizi. Msaidizi akamwambia anafagia shule ya jirani, na cheti amekitundika sebuleni, kinaonekana hata ukipita njiani. Alikuwa ameiandaa habari hiyo kwa miaka mitatu ili imchome mtu, na sasa ilipotoka hakujua ilimchoma nani.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Mwanafunzi mmoja alikuwa amemwinulia mkono Bibi Kola, na Bibi Kola, kwa kuguna na kushika magoti, alikuwa akikaa kwenye kiti cha mwanafunzi huyo ili amwonyeshe. Bwana Malengo aliwatazama mpaka mshono ukaisha. Hawakuonana tena baada ya siku hiyo. Alifariki kabla mvua hazijaanza. Alichomwambia asubuhi ile alikisema akiwa ameshika kitasa cha mlango, bila kumgeukia.

"Hata mimi ningewakalisha kwenye mashine siku ya kwanza, mwanangu. Nilihofia mmoja wao angesema, hebu kaa, mzee, utuonyeshe."